Ulifaulu Ukiwa Umepakiwa

Mwanangu Rama,

Salamu tulishapeana asubuhi jikoni, ukaniamkia huku umejaza kiporo mdomoni, kwa hiyo sizirudii. Naanza na lile unalolisubiri. Yale maombi ya kubadilisha leseni yako ya pikipiki iwe ya Rwanda, ambayo umeniachia simu niyajaze kwa Kiingereza kabla hujapanda basi kesho, sijayajaza. Sikusahau. Bando lipo, mtandao upo, picha za leseni yako mbele na nyuma ninazo. Nimefika mpaka pale wanapouliza ulitahiniwa kwa chombo gani, nikakwama. Nikaiweka simu kifudifudi juu ya kitanda, nikatafuta karatasi.

Wewe sasa hivi uko kijiweni unaagana na wenzako. Mama, yaani bibi yako, yuko uani anakukaangia maandazi ya safari, ananiuliza kila mara kama nimemaliza kazi ya mtoto. Namjibu bado.

Utashangaa kuandikiwa barua na mtu wa chumba cha pili. Lakini unanijua. Nikisimama mbele ya mtu maneno yananirudi, hata mtu huyo akiwa wewe. Na atakayeiokota barua hii atacheka: mama wa miaka kumi na saba, mwana wa ishirini na mbili mwenye ndevu. Acheke. Kwetu Kondoa hakuna anayeshangaa. Mwanaidi aliyekuzaa ni dada yangu wa kwanza, mimi ni kitinda mimba, na aliyezaliwa na dada yangu ni mwanangu hata kama alinitangulia kuota meno. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga. Mama anasema ulikuwa unakimbia na mimi kwenye mashamba ya alizeti, watu wanakukemea, "Wewe, mwangalie mama yako, utamwangusha." Nimekua naamkiwa na kijana aliyenizidi kimo. Ukija kunichukua shule unasema "Shikamoo mama mdogo" kwa sauti makusudi, mbele ya wenzangu, nami natamani ardhi ipasuke. Siku zote nilidhani ni mzaha wa mila tu. Juzi dada akanipigia simu kutoka kijijini Busi, wako kwenye kupura alizeti, kelele za fimbo zinasikika nyuma yake.

"Mtoto akisafiri anapewa neno na mama yake," akasema. "Mimi nikishika simu nitalia tu. Wewe umesoma, sema naye."

"Dada, mimi ni mdogo."

"Mdogo kwa nani? Si anakuamkia?"

Basi ndiyo nimekaa kuandika. Sitakuambia uvae sweta, Kigali kuna baridi, hilo bibi yako ameshalisema mpaka masikio yameota sugu. Sitakuambia uswali, wala ule vizuri, wala uwapigie simu watu wa Busi. Nina jambo moja tu, na jambo lenyewe linanitia kinyaa. Nitaliandika hivyo hivyo lilivyo.

Unaukumbuka uwanja wa mpira wa kule nyumbani, likizo ile nilipokuwa kidato cha pili? Mheshimiwa mmoja aliyekuwa anazitaka kura zetu alitangaza kwamba vijana wote wa bodaboda wa kata watafundishwa na kupewa leseni bure. Wakaja na turubai, maspika, na fulana zenye sura yake kifuani. Akaletwa pia mkufunzi wa udereva ambaye hakuna aliyejua chuo chake kiko wapi. Mkaletewa ubao wa shule ya msingi, akachora alama za barabarani kwa chaki. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake kando, nasaidia kuosha sahani, nikisikia kila kitu.

"Hii ni alama gani?" akauliza.

Kimya.

"Hii ni alama ya kupisha. Tumeelewa?"

"Tumeelewaaa."

"Na hii?"

Kimya.

"Hii usiingie. Tumeelewa?"

"Tumeelewaaa."

Ndiyo ikawa nadharia, na mtihani wake ndiyo huo huo. Kisha mkaambiwa ni zamu ya vitendo. Pikipiki zilikuja chache, kwa sababu mabosi wengi wenye pikipiki zao walikataa zizungushwe bure. Mara simu ikaingia kwamba mgeni rasmi amekaribia. Mkufunzi akapiga makofi kama anafukuza kuku.

"Pandeni wawili wawili, muda hautoshi. Mmoja aendeshe, mwingine apakiwe. Mkizunguka uwanja, wote mmefaulu."

Wewe ulipakiwa, Rama. Rafiki yako Shabani ndiye aliyeendesha. Ulikuwa na chupa ya soda mkononi, na mlipopita mbele yetu ukanywa funda moja ukatupungia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilicheka mpaka nikaangusha sahani. Mtihani wako wa udereva uliufaulu ukiwa umekaa nyuma, unakunywa soda.

Sikuandikii haya kukuaibisha, maana mimi siku ile nilifanya baya zaidi. Mwenyekiti wa kitongoji alinijia na karatasi. "Huyu binti wa mzee anasoma shule ya Kiingereza, ana matamshi. Ndiye asome risala." Nikaipitia. Iliandikwa kwamba vijana hawa wamehitimu kwa kiwango cha juu baada ya kutahiniwa kikamilifu kwa nadharia na vitendo. Nikamwambia kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Lakini wengine hawajaendesha."

Akanitazama kwa huruma. "Binti yangu, risala haina lakini."

Nikaisoma. Ushungi ulinilowa jasho, na kipaza sauti kilinuka mate ya watu wote waliotangulia kukisemea. Mpaka leo nikikumbuka ile harufu natema. Lakini sauti haikutetemeka, na hilo ndilo linalonichukiza kuliko harufu. Siku ambayo mdomo wangu ungezibika ningeshukuru, ndiyo ukafunguka kama redio. Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa akaniita mbele akanishika kichwa, akasema taifa linawahitaji mabinti kama hawa. Kisha tukala pilau la mbuzi, nyama nyingine zikiwa bado na manyoya. Nililila. Nilikuwa na njaa.

Leseni zikatoka. Hapo ndipo karaha yenyewe inapokaa, mwanangu, na ndipo tulipokuwa tunapishana wiki nzima hii bila mimi kuweza kukueleza. Wewe unasema, "Mama mdogo, leseni yangu si ya kishoka. Ni halali." Ndiyo. Ni halali. Jina lako liko kwenye mashine, picha yako ipo, alama za vidole zipo. Ingekuwa feki ningepumua, kwa sababu kitu feki siku moja hugonga ukuta: afisa wa kule angeandika kuuliza, huku wangejibu hatumjui, ungetahayari, ungeanza upya. Lakini wataandika kuuliza, na huku watajibu tunamjua, ni wetu, na hawatakuwa wamesema uongo. Rwanda wataamini karatasi, karatasi imeamini risala, na risala niliisoma mimi. Kila mmoja katika huo mstari ana mikono safi. Ndiyo maana natapika.

Usidhani nasema hujui kuendesha. Nimekaa nyuma yako miaka hii yote. Najua kwamba unasikia injini ikikohoa kabla haijakohoa. Najua ulivyomvusha mke wa jirani kwenye korongo la mchanga kule Busi, ana uchungu, mvua inatishia, ukamfikisha zahanati mtoto akazaliwa salama, na wao wakampa jina lako. Mikono yako inajua pikipiki. Usichokijua ni watu wengine walioko barabarani, wanategemea ufanye nini. Hicho ndicho ambacho ungefundishwa siku ile badala ya soda.

Nalisema hili kwa sababu ya Buigiri.

Kila tukilitaja wewe unacheka, na kijiweni umeligeuza hadithi, "siku niliyokutana na mzee mkorofi". Nimewahi kukusikia ukiisimulia, sehemu nyingi umeziruka. Basi nikukumbushe. Mwaka jana gari la shule liliniacha, ukanipakia uniwahishe Chamwino kwenye mdahalo. Mimi nilivaa ile helmeti ya abiria inayonuka nywele za mji mzima, nimefumba pua. Tulipofika Buigiri mzee mmoja alikuwa anavuka barabara kuu, amevaa koti, ameshika fimbo nyeupe mbele yake. Watu wasioona wako wengi pale, kuna shule ya watoto wao, na kila mwenyeji anajua. Wewe ukapiga honi. Ukapiga tena, ndefu. Mzee akasimama katikati, akainua fimbo. Ukampita kwa mbele badala ya kusimama, na tairi likaichukua fimbo. Ilivunjika kwa mlio kama mfupa wa kuku.

Ulipofunga breki tulikuwa tumeshampita. Ukashuka, ukamrudia. Mimi nikabaki na pikipiki.

"Nani huyo?" akauliza mzee, ameshika kipande kilichobaki.

"Ni mimi, mzee. Samahani. Lakini nilipiga honi."

"Honi nimeisikia, masikio yangu mazima. Ulitaka niione?"

"Ungerudi nyuma, mzee wangu."

"Nyuma ndiko wapi, ukishapiga kelele kote? Na hii fimbo nyeupe uliambiwa ni ya kuchungia mbuzi?"

Hukuwa unamdharau, nilikuona usoni. Ulikuwa hujui. Hukuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba ukiiona fimbo ile unasimama, honi haina kazi. Na mtu asiyejua akibanwa hushika chochote kilicho karibu. Ukatia mkono mfukoni.

"Mzee, mimi nina leseni." Ukaitoa, ukamnyooshea.

Akina mama wauza zabibu pembeni wakaangua kicheko. "Jamani, anamwonyesha leseni kipofu." Mmoja akasema, "Muongezee na tochi, kaka, aisome vizuri."

Mzee akanyoosha mkono, akaipokea kweli. Akaipapasa kwa kidole gumba, akaipinda kidogo, akaigonga na ukucha.

"Plastiki," akasema. Akakurudishia. "Haya, nishike mkono unipeleke kwa seremala, maana fimbo sasa ni wewe. Na usinikimbize, una jasho la grisi, unateleza."

Ukampeleka. Nilikuona ukienda naye polepole kando ya lami, yeye akilalamika njia nzima kuhusu viatu vyako vinavyoburuza na jinsi unavyokwepa mashimo bila kumwambia. Watu walikuwa bado wanacheka. Mdahalo ulinipita.

Sasa sehemu yangu. Mimi nilimwona mzee yule kabla yako. Na nilijua maana ya fimbo nyeupe. Tuliisoma kidato cha kwanza kwenye kifungu cha ufahamu, nikapata maswali yote. Neno lilinifika kooni: simama. Ningelisema ungesimama, huwa unanisikia. Lakini nilikuwa nyuma, helmeti imeniziba, nikawaza labda umeshamwona, nikawaza nitaonekana ninajua sana, nikawaza ile siku niliyokusahihisha mbele ya wenzako wakaniita madamu wiki nzima. Nilipomaliza kuwaza fimbo ilikuwa imevunjika. Ingekuwa mguu ningekuwa bado nawaza.

Nyumbani wananisifu nina haya. Mashangazi wakinitaja wanasema, "Yule binti ana adabu, hainui sauti." Nami nilikuwa nasikia raha. Tangu Buigiri sifa ile naiona kama chakula kilichoingia nywele. Haya nyingine ni uoga uliojifunga khanga, Rama. Uwanjani nilisema nilipotakiwa kunyamaza, barabarani nikanyamaza nilipotakiwa kusema, na mara zote mbili watu walinisifu. Sijui kama umri wangu unaruhusu kuitwa mtu aliyejifunza maisha. Lakini hicho ndicho nilichojifunza, na sina kingine.

Ndiyo maana wiki hii nimekusumbua. Siku ile Shabani alipopiga kutoka Kigali mlikuwa mmefungua spika, nilikuwa nachambua mchicha mlangoni.

"Njoo na hiyo plastiki tu, mwanangu," akasema, na mimi nikashtuka kusikia neno la mzee kinywani mwake. "Mimi yangu waliibadilisha bila hata kuniuliza swali. Wiki chache unakamata chombo, unasambaza mizigo ya bosi."

Ukamuuliza, "Na mtihani?"

"Mtihani wa nini? Si tulishafanya? Umesahau nilivyokubeba mgongoni?" Mkacheka wote wawili.

Nikakuuliza baadaye, kwa upole nilivyoweza, kuna njia gani nyingine. Ukasema ipo ya wasio na leseni: unasomea alama, unafanya mtihani wa nadharia, ukipita unapewa leseni ya mwanafunzi, kisha unatahiniwa barabarani. Bosi wa Shabani anakubali hata hiyo, lakini mpaka upite utakaa ghalani unapakia na kupakua mchele.

"Mimi dereva, nikabebe magunia?" ukaniuliza. "Shabani yuko juu ya pikipiki ananipungia, mimi nina unga wa mchele mpaka kwenye kope? Mama mdogo, hunipendi."

Nakupenda. Ndiyo maana siku iliyofuata nilikuchorea kipilefti pale uani kwa kijiti. Nikaweka kandambili za bibi upande mmoja ziwe lori, za kwako upande mwingine ziwe pikipiki. Nikakueleza kwamba Rwanda wanapita kulia, hivyo mzunguko wao unakwenda kinyume na wetu, na unayemtazamia hatoki kule ulikozoea. Ukaangua kicheko, "Yaani wana kipilefti ya kulia?" Nikacheka pia. Kisha nikakuuliza, sawa, tuache ya kwao, tuchukue hii yetu ya hapa Dodoma unayoizunguka kila siku. Lori limeshaingia, wewe unakuja. Nani anapita kwanza?

Ukaangalia zile kandambili kwa makini. "Anayepiga honi kwanza."

Nilisubiri ucheke. Hukucheka. Ulinitazama kama mwanafunzi anayesubiri kuambiwa amepata. Bibi akaja akachukua kandambili zake akaenda kuoga, nami nikafuta mchoro kwa mguu, nikaingia ndani. Nilikuwa nasikia ile harufu ya kipaza sauti.

Fikiria huyo mtu mwenye jibu hilo, kwenye mji asioujua, lugha asiyoijua, magari yote yamehamia upande wa pili, ana mzigo nyuma na bosi anapiga simu. Na mfukoni ana plastiki inayosema anajua. Hakuna atakayemzuia. Hakuna wa kumwambia ngoja kwanza. Kila mlango utafunguka kwa adabu, "karibu sana, ingia", mpaka atakapofika mbele ya mtu anayevuka. Na huyo mtu anayevuka, Rama, hajui chochote kuhusu uwanja wetu. Hakula pilau letu.

Najua ni kazi. Najua dada anategemea utume kitu kabla ya kilimo, na kwamba kijiwe chote kinajua kesho unaondoka dereva. Kushuka kwenye pikipiki ukaingie ghalani mbele ya Shabani si jambo dogo kwa kijana, naelewa, ingawa mimi sijawahi kuwa na kitu cha kushuka. Na labda nakosea. Labda ungefika, ungezoea kwa wiki moja kama unavyozoea kila kitu, ukawa dereva mzuri kuliko wote waliofanya mtihani. Nimejisemea hivyo tangu asubuhi. Nikanyanyua simu, nikaandika jina lako, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasi ya kusafiria. Nikafika palepale. Ulitahiniwa kwa chombo gani. Nikajaribu kuandika pikipiki. Kidole kilikataa, si kwa ushujaa, kilikataa kama koo linavyokataa kitu kilichooza.

Sijawahi kukuamuru chochote. Umama wangu kwako umekuwa wa kuitikia marahaba tu. Leo nautumia mara moja, na usiponisamehe nitaelewa. Sijazi maombi haya, wala kesho stendi sitayajaza, hata ukinitolea macho mbele ya abiria. Nimeyafuta niliyokuwa nimeyaandika. Simu yako nimeiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi, imejaa chaji. Barua hii naikunja naiweka juu yake, na nje nitaandika uifungue njiani. Ningependa uisome mkishapita Singida, ukiwa huna wa kubishana naye.

Huko utapata wa kukujazia. Shabani ana mtu wake, na wanaojua Kiingereza Kigali ni wengi kuliko nyumba hii. Itachukua muda mfupi, nao hawatauliza. Siwezi kukuzuia na sitamwambia bibi wala mama yako. Ila mkono hautakuwa wangu. Safari hii risala ina lakini.

Na ukiingia ghalani, basi mimi nipo. Nimeshapata maswali yao ya nadharia, yako kwa Kiingereza, ni mengi na mengine hata mimi sijayaelewa. Nitayageuza Kiswahili, nitakurekodia kwa sauti kidogo kidogo, uwe unasikiliza ukipumzika juu ya magunia. Jumamosi shule inaturuhusu simu. Utanijibu, na ukikosea nitakuambia umekosea, hata kama Shabani anasikia, hata kama mtaniita madamu mpaka nizeeke. Tunaanza na nani anapita kwanza.

Ukiamua ile njia nyingine, usiache kunipigia kwa kuona aibu. Nitapokea. Nitakuuliza hali, nitakuambia kama mvua imeanza Busi na alizeti imetoa bei gani. Hatutaongea habari za barabara.

Bibi yako anaita, maandazi yameiva, anataka nije nionje kama sukari imetosha. Nenda salama, mwanangu.

Mama yako mdogo,
Zuhura